Chumvi Kwenye Kisima cha Mama

Mume wangu ni fundi wa visima vya mafuta, na kazi yake, ukimsikiliza, ni kubembeleza vumbi. Anasema mwamba wenye mafuta una vitundu vidogo ajabu, na humo zimelala chembe za udongo. Ukifungua koki kwa pupa, au ukaingiza maji yasiyo na chumvi, chembe zinabanduka, zinakimbilia vitunduni na kuziba kila njia. Basi wao huingiza maji ya chumvi ili udongo utulie, kisha hufungua koki kidogo kidogo. Sawa. Lakini huyu mtu hata mlango wa choo anaufungua hivyo hivyo, nami niko nyuma yake nimebanwa.

Mama yangu hana subira hiyo. Tangu tuoane alikuwa hajamwita "mwanangu" hata siku moja. Alimwita "huyo bwana wako", hata akiwa amekaa mbele yake. Mwenzangu alikuwa akiumia.

Kisima cha mama uani kilipoanza kutoa tope, tena kwa kudondoka, mume wangu aliona bahati yake imefika. Akakagua, akagundua mama huwasha pampu na kufungulia koki mpaka mwisho.

"Mama, haraka haraka haina baraka," akamwambia.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mama akajibu. "Wewe tengeneza."

Mazoea yana taabu. Mume wangu akamwaga kisimani gunia zima la chumvi ya kupikia, kama afanyavyo kazini, udongo utulie, halafu aje ayavute maji hayo yote taratibu na kuyamwaga. Akatuonya tusiguse, akaenda kununua koki mpya. Mama akaona amecheleweshwa vya kutosha, akachota, akapika chai.

Funda la kwanza akalitema. Daktari alishamkataza chumvi kwa sababu ya presha.

"Huyo bwana wako anataka kuniua," akaniambia. "Kisima changu kakifanya mchuzi. Akirudi achukue vyombo vyake, asikanyage hapa tena."

Alirudi, akayasikia yote, akasimama na koki mkononi kama mtoto aliyevunja sahani. Nilimwonea huruma, na nikacheka pia, Mungu anisamehe.

"Mama, nipe nafasi nimalize," akasema. Mama akamgeuzia mgongo, naye akaichukulia hiyo kuwa ruhusa.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya pampu, akiyavuta maji kidogo kidogo, akionja, akitema, akimwaga. Jioni ikamkuta pale pale. Kesho yake vilevile. Mama alipita na kurudi akisonya, lakini hakumfukuza. Mwishowe maji yakatoka membamba, safi, yasiyokatika.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama kwenye koki mpya. Anaizungusha kidogo, anatega sikio, anaizungusha tena. Akajaza kikombe, akampelekea.

"Onja wewe kwanza, mwanangu. Yakiwa na chumvi utanitambua."

Akanywa polepole, kama kawaida yake, machozi yakimdondokea kikombeni.

"Yana chumvi?" mama akauliza.

"Kidogo, mama," akasema. "Lakini ni yangu."