Aoko na Wageni wa Rusinga

Majirani wa Kianda walimwita Mama Kisumu, ingawa hakuwa na mtoto na Kisumu alikuwa ameipitia mara moja tu, akiwa njiani kuja Nairobi. Jina lake lilikuwa Aoko. Akiulizwa kwao ni wapi alijibu Kisumu kwa sababu jibu hilo lilimaliza maswali. Angesema Rusinga, kile kisiwa cha ndani ya ziwa, hangekosa mtu wa kudakia, "Rusinga boma gani? Unamjua fulani?" Halafu ingembidi aeleze kwa nini hajakanyaga kwao miaka kumi.

Aliolewa kisiwa jirani cha Mfangano, na mwanamume mpole aliyeitwa Obiero. Mtoto wao wa pekee hakufikisha mwaka. Obiero naye akafa kwa homa mwaka wa 1966, na baada ya matanga wazee wakamwonyesha Aoko shemeji wa kumrithi. Alikataa. Akavuka maji kurudi kwa mama yake, Awiti, lakini kaka yake Ogola akamsimamisha langoni. Ng'ombe wa mahari ya Aoko walikuwa wamekwisha kwenda kwa wakwe zake Ogola, na dada aliyeachana na ndoa yake angemletea kesi ya kudaiwa ng'ombe hao.

"Kwako ni Mfangano," Ogola alimwambia. "Hapa huna nyumba."

Mama yao alisimama mlangoni, mikono kichwani. Aoko akageuka na kibunda chake.

Nairobi alipata chumba Kawangware, katika ploti ya mwanamke mwenyeji aliyeitwa Wangoi. Wangoi alikuwa akipeleka maziwa kwa Wazungu wa Lavington, na ndiye aliyemtafutia kazi ya upishi huko. Baadaye Wangoi alibomoa vile vyumba vya udongo ili ajenge vya mawe, na Aoko akahamia Kianda, upande wa magharibi wa Kibera. Kila asubuhi alitembea kwenda kazini na kila jioni akarudi kwa miguu. Ukuta uliomtenganisha na jirani yake Nanyama ulikuwa mwembamba, hata akawa anasikia watoto wakigombania ukoko wa ugali na baba yao akicheka. Yeye alikuwa amekwisha kula, ameosha sufuria moja na sahani moja, na kulikuwa bado na mwanga nje. Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Akitoka kanisani alifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Mwajiri wake alikuwa Margit, mwanamke wa Denmark aliyekuja kufundisha wauguzi. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikula peke yake mezani, na Aoko akala peke yake jikoni, redio ikiongea katikati. Margit alimwomba amwite kwa jina. Aoko alijaribu siku mbili akashindwa, akarudia kumwita memsab.

Agosti ya mwaka wa 1976 Margit alipata wageni kutoka kwao, rafiki yake Kirsten na Jens, mume wa Kirsten. Nyumba ikajaa sauti. Jens alikuwa mtu wa ndege, mwenye darubini shingoni hata wakati wa chai, na hakutaka kusikia habari za Mombasa. Jioni moja walitandaza ramani mezani, na Aoko alipoingia na sinia Margit akamwita.

"Aoko, tunaenda kupumzika. Si Mombasa. Kisiwa ya ziwa. Rusinga. Wewe unajua Kijaluo. Utakuja na sisi?"

Aoko aliweka sinia chini polepole, kikombe kisigonge kikombe.

"Ni mbali na kwenu?" Margit akauliza.

"Si mbali sana, memsab."

Angeweza kukataa. Angesema anaumwa mgongo, na Margit angemwamini. Wiki nzima alijiambia kwamba anakwenda kwa sababu ni kazi, huku akiwapangia masanduku ya chakula na kusahau chumvi mara mbili.

Waliliacha gari Mbita kwa mwenye duka mmoja, wakavushwa na boti ya injini, na chifu akawaruhusu kupiga hema karibu na ufuo. Kutoka hapo Aoko aliuona mlima anaoujua, na nyuma ya mlima huo, asikoweza kuona, ndiko kulikokuwa nyumbani. Alikifunga kitambaa chake chini hadi kwenye nyusi. Wageni waliogelea, wakachomwa na jua, wakalala mchana, wakacheka kwa lugha asiyoielewa. Yeye alikaanga samaki wa ngege na kuchemsha maji. Mwanamke aliyewauzia samaki alimtazama kwa makini.

"Unaongea kama mtu wa huku."

"Nilikaa huku kidogo," Aoko alijibu, akainama kupuliza moto.

Siku iliyofuata Kirsten alitaka kuona boma la wenyeji. Jens alitangulia akifuata ndege wake, wengine wakamfuata Jens, na Aoko akaja nyuma amebeba kikapu cha maji ya kunywa. Kwenye kila njia panda aliomba moyoni wapinde kushoto. Halafu, walipopinda kulia, aligundua kwamba alikuwa ameongeza mwendo.

Ogola mwenyewe ndiye aliyetoka langoni. Alikuwa na mvi, na alikuja kwa furaha, mikono wazi, kama mtu yeyote anayepokea Wazungu nyumbani kwake. Macho yake yalipomfikia Aoko tabasamu likasimama. Likaendelea tena. Akaagiza viti viletwe, akawasalimu wote kwa mkono, na mwisho akamsalimu Aoko, kwa mkono mlegevu, kama mpishi wa wageni.

Awiti aliletwa akishikwa bega, akakalishwa kwenye kigoda kivulini. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Margit, kwa kazi yake, alichuchumaa kumtazama, akatikisa kichwa kwa huruma. Kirsten akauliza jambo kwa Kidenmark, na Margit akaligeuza Kiswahili.

"Muulize huyu mama, yeye ana watoto wangapi?"

Aoko akaligeuza Kijaluo. "Wageni wanauliza una watoto wangapi, mama."

Awiti alitega sikio. Aliinua uso, akaugeuza kutoka kwa Margit na kuuelekeza kule sauti ilikotoka.

"Waambie nilizaa wengi," alisema, "wakabaki wawili. Mmoja ni huyu Ogola. Mwingine ni msichana. Aliondoka."

Aoko akatafsiri. Sauti yake haikutetemeka, na jambo hilo lilimshangaza.

"Aliondoka kwenda wapi?" Margit akauliza kwa niaba ya Kirsten.

"Hakuna aliyeniambia," Awiti alisema. Kisha, bila kubadilisha sauti, "Hebu waulize. Huyo anayewapikia, wanampa chakula cha kutosha?"

"Anakula vizuri, mama."

"Ana mtu?"

"Hana."

"Analala wapi?"

"Ana chumba. Hakivuji."

Ogola alikuwa amesimama palepale, akisikia kila neno. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Mnaongea sana!" Margit alicheka. "Anasema nini?"

"Anauliza habari za Nairobi, memsab."

"Mama," Ogola akasema, "wageni wana haraka."

Kirsten alimpiga Awiti picha pale kwenye kigoda. Wakati wa kuagana wageni walimpa mkono mmoja mmoja. Zamu ya Aoko ilipofika, Awiti hakumwachia mkono. Vidole vyake vilipanda kwenye kifundo cha mkono, vikapanda hadi kwenye kiwiko, vikapapasa unene wa mkono, na kushuka tena. Halafu akamwachia, kwa sababu wageni walikuwa wakingoja.

Aoko alipanga kurudi kesho yake peke yake, alfajiri, kabla wenzake hawajaamka. Lakini usiku upepo wa ziwani ulichana hema moja, na Jens akashikwa na tumbo, akatapika hadi akalegea. Kulipopambazuka Margit alikuwa amekwisha kuita boti.

"Tunaondoka sasa. Samahani, Aoko, safari imeharibika."

Aoko alikunja mahema na kuosha masufuria kwa mchanga. Neno lilikuwa mdomoni mwake muda wote huo: nipe saa moja tu, memsab. Lakini Jens alikuwa akiugulia, Kirsten alikuwa akilia, na ombi lile lilionekana kubwa mno kulitoa mbele ya watu wenye shida yao. Akapanda botini, akakaa juu ya sanduku la chakula, mgongo kwa kisiwa.

Jens alipona, wageni wakarudi kwao, na nyumba ya Lavington ikanyamaza tena. Kianda nako Aoko hakumwambia mtu habari za mama yake. Nanyama alimwuliza kwa nini siku hizi hapiti kuwasalimu watoto, akasema amechoka na kazi.

Oktoba zikafika picha za Kirsten, zile za kuonyeshwa ukutani kwa mashine ya taa. Jioni moja Margit alifunga mapazia ya sebuleni akawa anazitazama peke yake. Aoko alipoingia na chai, Awiti alikuwa ukutani, mkubwa kuliko mlango, amegeuza uso upande, kama anayemsikiliza mtu ambaye hayumo kwenye picha.

Aoko akasimama na sinia mkononi.

"Unakumbuka?" Margit akasema. "Mama mzuri sana huyu."

"Huyo ni mama yangu."

"Ndiyo, najua. Wazee wote ni mama." Margit alikuwa amejifunza adabu za nchi, na akazisema kwa fahari kidogo.

"Hapana, memsab. Huyo ndiye aliyenizaa."

Margit alimgeukia. Alimtazama yeye, akatazama ukuta, akamtazama tena. Akainuka, akapokea sinia mikononi mwa Aoko na kuiweka sakafuni, maana hakuona pengine pa kuiweka.

"Kwa nini hukusema? Pale, mimi nakuuliza ana watoto wangapi. Kwa nini?"

"Mlikuwa mmekuja kupumzika."

Margit alilia. Aoko hakulia, alikaa ukingoni mwa kiti ambacho alikuwa amekipangusa kila siku kwa miaka sita na hajawahi kukikalia, wakamtazama Awiti pamoja hadi mashine ikapata moto sana na ikabidi izimwe.

Desemba Margit alimpa likizo, na Aoko akaenda Rusinga bila wageni. Ogola alimpokea langoni, akambebea mzigo. Walimchinjia kuku. Walimpa kiti chenye mgongo na kikombe kizuri, na walimtengea kitanda kwa binamu yake, kwa kuwa binti aliyekwisha kuolewa halali nyumbani kwa mama yake. Mchana kutwa alikaa na Awiti, akimchana nywele na kumweleza Kibera ilivyo, hadi mama akasinzia begani kwake. Saa hizo zilikuwa nzuri. Lakini alipoingia jikoni kusaidia, mke wa Ogola alimpokonya kisu kwa upole: "Wewe pumzika, umetoka mbali." Mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea yakakatika, yakaanza mengine ya hali ya hewa. Watoto wa Ogola walimwita mgeni wa Nairobi na kumwomba awaimbie wimbo wa Kizungu.

Alingoja Ogola aseme jambo kuhusu siku ile ya langoni. Hakujua angemjibu nini. Alitaka tu lisemwe. Walikula pamoja kila jioni, na Ogola akazungumzia samaki, karo za shule na paa la mabati alilotaka kumwezekea mama.

Asubuhi ya kuondoka Awiti alimshika uso kwa mikono miwili.

"Mwaka ujao uje mapema," alisema.

Ogola alimsindikiza hadi ufukweni, mzigo wake begani. Aliuweka ndani ya boti, akasimama majini hadi magotini, mkono mmoja ukingoni mwa boti kama aliyesahau kuuachia. Aoko alimtazama, akangoja.

"Maji yametulia leo," Ogola akasema hatimaye. "Mtafika mapema."

"Ndiyo," Aoko akasema.

Ogola akaisukuma boti.

Awiti aliishi miaka minne zaidi, na kila Desemba Aoko alivuka maji kwenda kumwona. Alipokufa, Ogola alituma habari mapema, na Aoko akawahi mazishi na kulia pamoja na wenzake. Matanga yalipokwisha hakuna aliyemwambia aende wala abaki. Alifunga mzigo wake mwenyewe, na Jumatatu alikuwa jikoni Lavington, akimenya viazi vya mtu mmoja.