Vigingi Vinne Shambani kwa Mama Nzowa

Ukifika kijijini kwetu, huku kata ya Ruanda, ukauliza mwalimu wa historia anakaa wapi, unaweza kuzunguka mpaka uchoke. Uliza Mzungu wa Reli, hapo hata mtoto wa chekechea atakuelekeza, tena atakusindikiza huku akicheka. Jina hilo nimejipa kwa mikono yangu mwenyewe na sina wa kumlaumu. Nawasimulia sasa kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine wataongeza chumvi, na iliyomo inatosha.

Kuna mada ya uchumi wa kikoloni, na ndani yake kuna reli: jinsi kampuni za kigeni zilivyokuwa zikienda kwa serikali ya kikoloni kuomba kibali cha kujenga, wanakaa mezani, wanachora mstari kwenye ramani, wanavutana nani apewe ardhi kiasi gani kila upande wa njia, halafu mwenye shamba anakuja kujua siku anapokuta kigingi katikati ya migomba yake. Kila mwaka nilifundisha hivyo na kila mwaka wanafunzi wakasinzia. Mwaka huo nikasema liwalo na liwe, siku ya wazazi tutafanya igizo la majadiliano hayo, kampuni upande huu, chifu upande ule, na ili watoto waone kwa macho, nitapigilia vigingi vya kweli kuanzia uwanja wa shule hadi bondeni.

Jumamosi hiyo nikavaa kofia ngumu na koti la kung'aa nililoazima kwa shemeji yangu anayefanya kazi za barabara (hapakuwa na sababu ya kuvaa, nilipenda tu nilivyoonekana), nikabeba vigingi nilivyovipaka rangi nyekundu kichwani, nikaanza kazi. Shamba la kwanza ni la Mzee Halinga, jirani yetu, nikamwomba ruhusa, akacheka, akakubali, kisha akaondoka zake kwenda Tunduma kwa binti yake aliyejifungua. Shamba la pili ni la Mama Nzowa, mjane ambaye nimepanga chumba kwake na ndiye anayenipikia kama mwanawe wa kumzaa. Yeye alikuwa amekwenda Vwawa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa. Nikasimama pale mpakani nikajiambia, si mama yangu huyu, nitamwambia jioni.

Nikapigilia vinne kwenye kahawa yake. Cha tatu kilikaa hatua mbili tu kutoka kaburi la marehemu mumewe (nililiona, sisemi sikuliona, tena nikasema moyoni kwamba hapo pamependeza).

Jioni kulikuwa na mpira, nikasahau kumwambia. Jumapili kanisani, mzee wa kanisa akasoma matangazo, na tangazo letu la siku ya wazazi, ambalo nililiandika kwa nusu ukurasa mzima, yeye akalifupisha kama anavyofupisha yote: "Ijumaa, shuleni, kuna mazungumzo ya njia ya reli, kila kaya ifike." Mimi nilikuwa kwaya, safu ya nyuma, na badala ya kunyoosha mkono nisahihishe, nilifurahi kwamba tumetangazwa.

Sasa hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze kila nikikumbuka. Jumatatu jioni nakula ugali jikoni kwa Mama Nzowa, akaniuliza polepole, bila kuniangalia, "Mwalimu, eti reli ikipita huwa inazungukaga vitu?" Nikafurahi! Nikadhani mama wa watu amependa historia. Nikamwambia, huku maharage yamejaa mdomoni, kwamba reli haizunguki ovyo, kampuni ikishapewa kibali imepewa, mwenyeji yeye huletewa taarifa tu. Akachochea moto. Kisha akauliza, "Na makaburi je?" Nikajibu kwa sauti ya darasani, "Makaburi, mama, yalihamishwa, na yasiyohamishwa walipita juu yake." Akaniongezea mboga. Wiki nzima alikuwa kimya na mimi nikadhani ni jino lake lililokuwa likimsumbua.

Mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya igizo kila siku mpaka jua linazama, kwa hiyo sikujua yaliyokuwa yanaendelea kijijini. Watu walikuwa wamemwona mtu wa kofia ngumu kwa mbali. Mwenye shamba la tatu alishapanda miche ya parachichi kufuata mstari wa vigingi ili wathamini wa fidia wakija waikute. Na Mama Nzowa alishampigia simu mdogo wa marehemu, huko Nakonde ng'ambo ya mpaka, naye akafunga duka lake na kuvuka kuja kwetu.

Ijumaa ikafika. Wazazi! Sijawahi kuona wazazi vile, hata wale ambao tukiwaita kwa barua tatu hawaji, safari hii walikuja na makoti yao ya harusi na bahasha za karatasi za mashamba kwapani. Mkuu wa shule akanipa mkono akaniambia nimeleta mwamko. Mwanafunzi aliyepangiwa kuwa wakala wa kampuni sauti ilikuwa imemkauka kwa mafua, nikasema hakuna shida, nitaingia mwenyewe, nikajipaka unga wa sembe usoni, nikavaa miwani ya jua na ile kofia, nikashika fimbo.

Mara nikaanza, "Mimi taka reli hapa! Chifu weka dole gumba!" Wanafunzi wakavunjika mbavu. Wazazi hawakucheka, nikaona ni umakini.

Katikati ya maneno Mama Nzowa akasimama. Amejifunga kitenge kipya, kashika jogoo mwekundu kwa mikono miwili, kwa kuwa kwetu huendi kuomba jambo kubwa kwa mgeni mkubwa mikono mitupu. Akaja mpaka mbele, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mkubwa wa reli," akasema, "sisi reli hatuikatai, ni maendeleo. Tunaomba ipinde kidogo tu. Pale kwenye kile kigingi nimemlaza baba watoto."

Shemeji yake, yule wa Nakonde, akasimama nyuma yake, kavua kofia. "Mukwai," akasema, yaani mheshimiwa kwa lugha ya huko, "tunaomba mtusikilize."

Ningekuwa na akili ya kutosha ningejua hapo hapo. Lakini wanafunzi walikuwa wanapiga makofi, na sifa zilishanipanda kichwani, nikadhani wazazi wameamua kuingia kwenye igizo, nikaona hii ndiyo sanaa yenyewe. Nikapiga meza kwa fimbo.

"Reli hapana zunguka kaburi! Toa mama huyu! Kuku acha hapa!"

Watoto wakacheka mpaka wengine wakaanguka. Mama Nzowa hakuinuka. Aliinua uso akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, ambavyo yeye mwenyewe alinikaushia juu ya jiko juzi yake.

"Mwalimu?" akasema. "Ni wewe? Si ungeniambia tu tukiwa jikoni."

Nikavua miwani. Nilitaka kusema ni igizo, mama, ni mambo ya zamani, lakini jasho lilishaugeuza unga kuwa uji, ulikuwa unanitiririka mdomoni. Shemeji yake akaniuliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo hakuna reli?" Nikatikisa kichwa, hakuna. Akasema, "Sisi tumeshachimba shimo makaburini. Mngekataa kupinda, kesho asubuhi ukoo ulikuwa unamhamisha kaka." Hapo kicheko kilikatika uwanja mzima. Mimi, mtu mzima, nilisimama mbele ya wanafunzi wangu nikalia.

Mkuu wa shule alichukua nafasi akawaeleza watu. Wengine walikasirika, mwenye parachichi alikasirika kuliko wote, na kesho yake wazee waliniita. Hawakunipiga faini. Walisema shimo la kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, lazima kilazwe kitu ndani, kwa hiyo aliyelisababisha akate mgomba uwe badala ya maiti, aubebe mwenyewe. Nikaubeba begani kutoka nyumbani kwa Mama Nzowa hadi makaburini, kijiji kizima kimepanga foleni kandokando ya njia, Mzee Halinga karudi kutoka Tunduma anatembea nyuma yangu akitikisa kichwa, nikaulaza shimoni, nikafukia peke yangu kwa jembe. Kuna mtu alianzisha pambio. Sikugeuka kuangalia ni nani, ila sauti ilikuwa ya kwaya yetu.

Jioni nilikwenda jikoni nikapiga magoti mimi. Nikamwambia nilimdharau, na kwamba sikukusudia, lakini kutokukusudia hakupunguzi kitu, kwa sababu lile nililokuwa nawafundisha watoto kuwa ni uovu wa wakoloni ndilo nililomfanyia yeye, tena yeye anayenilisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kula, kinapoa," nikala.

Tangu hapo nimeapa sitachomeka hata kijiti cha maharage kwenye ardhi ya mtu ambaye hayupo. Na kila mwaka, kabla sijafundisha mada ya reli, naenda kwanza kwa Mama Nzowa kuomba ruhusa. Huwa anakubali. Mwaka huu amesema, "Subiri kwanza tuvune kahawa." Darasa liko nyuma mada nzima, mkuu wa shule ananiuliza kila wiki kulikoni, na mimi namjibu kwamba mwenye shamba hajaruhusu, nasubiri.