Begi la Mama Futi

Asubuhi ile mke wangu alivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, na juu yake koti. Akanywa chai amesimama. Kukaa hakuweza, koti lilikuwa limejaa.

"Naonekanaje?" akaniuliza.

"Kama kabati."

"Kabati halilipiwi. Begi ndilo linalolipiwa."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Mimi sikucheka. Tangu alfajiri nilikuwa nimeikunjua karatasi ya tiketi, nikaikunja, nikaikunjua tena. Kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, lakini tarehe naijua. Niliitazama ile tarehe kama vile ingebadilika nikigeuza macho.

"Mzee, iache hiyo karatasi. Utaifuta maandishi kwa kuikodolea."

Akafagia chumba. Akafunika cherehani kwa shuka. Akaniambia nisisahau kuzima jiko. Ilikuwa asubuhi kama nyingine zote, na ndiyo ya mwisho tuliyokuwa pamoja.

Mtaani walimwita Mama Futi. Futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake, hata akipika. Alikuwa fundi wa sare za shule. Mimi nilikuwa mpaka rangi, na kuta nilizopaka wengine wamekwisha kuzipaka tena. Kazi yake yeye ilikuwa inapita barabarani kila asubuhi, mashati na sketi, zikikimbilia kengele.

Sare hakuishona ya leo. Alimpima mtoto, halafu akaongeza vidole viwili kwenye ubavu na kwenye pindo. Mzazi akilalamika kwamba nguo inapwaya, alimjibu, "Unataka ya mwaka huu, au ya kumfikisha darasa la mbele? Mtoto anakua, mama. Mwachie nafasi." Mkono wake ulizoea hivyo. Ulikata wenyewe hata akiongea, hata akigombana na mimi.

Tuna binti mmoja. Aliolewa mbali, nchi ya tatu kutoka hapa. Mumewe ni wa melini, haonekani kwa miezi. Mimba ya kwanza binti alijifungua akiwa peke yake katika hospitali ya kule, na mtoto hakukaa. Sisi tulipata habari kwa simu. Mama yake hakulia mbele yangu. Alishona siku nzima. Jioni nikakuta ameshona mikono miwili ya shati kwenye bega moja.

Alipopata mimba ya pili, daktari akasema atapasuliwa, akampa siku, Alhamisi. Binti akapiga simu.

"Mama, naogopa kuingia mle peke yangu tena."

"Hutaingia peke yako," mama yake akasema.

Akakata simu, akanitazama. Kwa barabara asingewahi. Ilibaki ndege, na sisi ndege tulizijua kwa mlio tu, zikipita juu ya bati.

Kuna dada anauza tiketi kwenye kibanda kati ya duka la dawa na kinyozi. Tukaenda. Akatuonyesha mbili. Ya kwanza ni ya kampuni kubwa. Begi limo, chakula kimo, kiti unachagua. Nauli yake ingetukausha. Ya pili nauli yake ilikuwa kama ya mzaha.

"Hii mbona rahisi hivi?" nikamwuliza. "Ina mabawa yote mawili?"

"Mabawa yapo, baba. Ila vingine vyote vinalipiwa kando."

"Vingine gani?"

"Begi la kuweka chini ya ndege, unalipia. Kuchagua kiti, unalipia. Chakula unalipia. Maji pia. Na hii karatasi msipokuja nayo, wakiwachapia kule uwanjani, mnalipia."

"Na choo?" mke wangu akauliza.

"Choo bure, mama."

"Basi wamesahau. Usiwakumbushe."

Dada wa tiketi akacheka. Mimi nikamvuta mke wangu nje, mbele ya kinyozi.

"Twende na ile kubwa," nikamwambia. "Ukijumlisha begi, kiti na maji, hii ndogo inaifikia. Wanatuzungusha hawa."

"Ukijumlisha. Mimi sijumlishi. Sina begi la chini, sichagui kiti, sili, sinywi. Naenda kwa mtoto wangu, siendi harusini."

"Na wakikuta kitu kimezidi?"

"Hakitazidi. Nitakuwa nimepima."

Akaniambia polepole, "Mzee, hospitali inataka pesa kabla hawajamwingiza. Pesa ya ndege kubwa ndiyo hiyo hiyo pesa ya hospitali. Sasa chagua wewe."

Sikuwa na la kuchagua. Tukarudi ndani. Dada wa tiketi akatupa karatasi ya kwenda na kurudi, akasema, "Hairudishwi, haibadilishwi. Mkichelewa, imekwenda." Maneno hayo yaliingia kwangu yakakaa. Nilikula nayo, nikalala nayo.

Mzigo uliokubaliwa bure ni begi dogo la mkononi, lenye vipimo vyake. Dada alituandikia. Mke wangu akasema begi la dukani la nini, akalishona mwenyewe kwa kaki iliyobaki kwenye suruali za shule. Likatoka zuri, lina zipu na mishikio. Nguo za mtoto akazipanga ndani, alizozishona tangu mimba ilipokuwa changa. Nyingine akaziingiza kwenye mifuko aliyoishonea ndani ya koti. Pesa za hospitali akazishonea kwenye bitana ya koti, chini ya kwapa.

"Umelipima?" nilimwuliza.

"Nimelipima."

"Pima tena."

"Mzee, mimi nimepima watoto wa mtaa mzima, hao wasiotulia. Begi limekaa kimya, litanishinda?"

Sikumwuliza tena. Moyoni niliendelea kuuliza.

Uwanjani tulifika mapema. Foleni ilikuwa ndefu, na mbele yake, kando ya kaunta, palikuwa na kipimo cha chuma, kama kreti kubwa la soda. Kila abiria alitumbukiza begi lake mle. Likiingia, unapita. Lisipoingia, unalipa. Bwana mmoja mwenye suti alilisukuma lake kwa goti, likakataa. Akalipa huku anatukana chini chini. Kijasho chembamba kikaanza kunitoka mgongoni.

Zamu yetu ikafika. Mke wangu akalitumbukiza begi. Likashuka nusu, likakwama.

Dada wa kaunta, amefunga kitambaa chekundu shingoni, akalitazama. "Limezidi, mama. Utalilipia." Akataja kiasi. Kilikuwa kimeipita nauli yenyewe.

Mke wangu alilichomoa begi, akavua futi shingoni, akalipima palepale. Akafumba macho.

"Vidole viwili," akasema. "Mzee, nimelishona sare. Nimeliachia nafasi ya kukua."

"Lipa," nikamwambia. "Zile za kwenye koti. Lipa upite."

"Zile si zetu."

"Ukiachwa na ndege zitamsaidia nini? Ataingia peke yake!"

Nilipaza sauti. Watu wakageuka. Yeye akanishika mkono, halafu akamwuliza dada, "Kaunta unafunga saa ngapi, mwanangu?"

"Nikimaliza hawa waliobaki."

Akaitazama foleni kuanzia mbele mpaka nyuma, kama anavyotazama kitambaa. "Huo ni muda wa kushona kola tatu," akasema. "Inatosha."

Akakaa chini. Pale sakafuni, na magauni yake mawili na koti lake, akakaa. Akamwaga vitu. Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni, inakaa hapo siku zote na uzi wake, akaligeuza begi ndani nje, akaanza kulibana ubavuni kuanzia juu kwenda chini.

"Shika hapa. Vuta. Usitetemeke, unanitingishia kitambaa."

Nilitazama sindano, nikatazama foleni. Foleni ilikuwa inaisha haraka kuliko mshono. Kila begi lililoingia kwenye chuma bila shida nililichukia. Yupo mtu aliyelipa kwa kadi na kadi ikagoma, nikamshukuru Mungu kwa shida yake.

Abiria mmoja mnene akapita akasema, "Mama, ndiyo unafungua duka?"

"Nafunga, mwanangu. Hicho kifungo chako kinaning'inia. Ungekuja jana ningekushonea."

Akacheka, akakishika kifungo chake. Mke wangu hakuinua kichwa. Upande mmoja ukaisha. Akaanza wa pili. Foleni ikabaki mama mmoja na watoto wake.

"Mama," dada wa kaunta akaita, "nafunga."

"Maliza na huyo kwanza, binti yangu, na mimi namalizia uzi."

Akaukata kwa meno. Akaligeuza. Sasa vitu vyote havikuenea. Akatoa vya kwake, kandambili, shali, gauni la tatu, akanipa mikononi. Vya mtoto havikuguswa.

"Utavaa nini kule?"

"Si nimeshavaa? Kabati ni nani?"

Akaenda na begi kwenye chuma. Likashuka. Kona moja ikashikwa. Dada wa kaunta akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaweka kiganja juu ya begi, akalisindikiza. Likatua chini.

"Pita, mama. Mbio."

Mke wangu alinijia upesi. Nikadhani ananikumbatia. Alikuja kuichomeka sindano kwenye kola ya shati langu, maana kule ndani wangemnyang'anya.

"Usijichome," akasema.

Akaondoka. Kwenye mlango wa kioo alipita ubavu kwa sababu ya koti. Hakugeuka, alikuwa anawahi. Nikabaki nimeshika kandambili na shali, na mlinzi akaniambia nisogee.

Ndege ile ilikuwa na kushuka njiani na kupanda nyingine. Nilikaa nyumbani na simu mapajani. Nilisikia mlio juu ya bati nikatoka nje, najua kabisa kwamba si yake. Jumatano simu haikulia. Majirani walisema kimya ni habari njema. Mimi niliwaza begi. Kama mshono umeachia huko njiani? Kama kule kipimo chao ni kidogo kuliko cha huku?

Alhamisi asubuhi ikalia. Ni binti.

"Baba, mama yupo hapa. Amekaa na koti lake anatoka jasho, hataki kulivua mpaka amlipe mhasibu mwenyewe."

"Mpe simu."

"Hataki. Anasema anafumua bitana, usimsumbue."

Mchana wakapiga tena. Sikusikia maneno, nilisikia mtoto analia. Wa kike. Nililia na mimi, nikaenda kuzima jiko, kumbe nilikuwa sijaliwasha.

Mke wangu alikaa kule kumwangalia mzazi. Alinipigia mara kwa mara, kunituma nifagie, kuniambia mjukuu ana masikio yangu, maskini. Tiketi ya kurudi ilikuwa na tarehe yake, na mimi nikaanza tena kukodoa, safari hii kwenye kalenda.

Hakuifikia. Alijilaza mchana, binti anasema, mtoto kando yake. Mtoto aliamka, yeye hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Wamemzika kule. Mimi sikuwahi.

Sindano ipo kwenye kola. Shati lile sijalifua. Kandambili ziko mlangoni, na watu wakija huzikwepa kama mtu yumo ndani.

Siku moja kabla hajafariki alinipigia. Nilimwuliza habari za kurudi. Nilimwuliza kama lile begi litapita, na wakilikataa atafanyaje, na mimi sipo wa kumshikia kitambaa. Nilimwuliza yote mara mbili. Akaniacha nimalize, halafu akasema hivi:

"Wewe mzee, acha kuogopa. Begi nimemwachia mtoto na vyote vilivyomo. Kurudi narudi mikono mitupu, watafute cha kunitoza wakose."