Jina la Mama Limehamishiwa Kisiwani, Sisi Kariakoo Tunalilipia

Admin, naomba usiweke jina langu wala la biashara yetu, Kariakoo watu wanajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, nina mume na watoto wawili. Nyumbani kwangu kuna amani. Kinachoninyima raha ni kaka yangu wa tumbo moja na jina la mama yetu.

Mama alianza kuuza viungo vya pilau Kariakoo kabla sijazaliwa. Alikaanga mwenyewe, akatwanga, akafunga kwenye vikaratasi, mpaka watu wakawa wakifika sokoni wanavitaja kwa jina lake. Baba alipofariki, mimi na kaka tukaingia kumsaidia. Mimi nikashika jiko na mashine kule Ilala, yeye akashika masoko kwa kuwa kasoma. Sikatai, kaka kahangaika. Leo pakiti zenye jina la mama zinafika hadi Kongo na Komoro. Kampuni tuliandikisha nusu kwa nusu, na wakurugenzi ni sisi wawili.

Miaka michache iliyopita kaka akaja na mshauri wa mambo ya kodi. Wakaniambia kuna kisiwa huko ng'ambo ambako kampuni zinatozwa kodi kidogo mno. Tufungue kampuni kule, tuipe lile jina la mama na nembo, halafu kampuni ya hapa iwe inailipa ile ya kule kwa kulitumia. Faida ya hapa itapungua, na kodi itapungua.

Nikauliza, "Yaani tulipie jina la mama yetu wenyewe?"

Yule mshauri akatabasamu. "Dada, unatoa mfuko wa kulia unatia wa kushoto. Makampuni makubwa yanafanya hivyo, wala si kosa."

Nikakubali. Kaka ni kaka, ningemtilia shaka ya nini?

Mwaka huu nikataka kufungua duka dogo Kigamboni, niuze achari na pilipili za kusaga kwa jina lile lile. Nilipomwambia kaka, akasema nisubiri kwanza kampuni ya kule iridhie.

"Kampuni ya kule si ndiyo sisi?"

Akaanza kuchezea simu. Kisha akasema, "Ile niliandikisha kwa jina langu, mambo yaende haraka. Tutarekebisha, usiwe na haraka."

Jamani! Hapo ndipo nikaelewa kwa nini kila mwaka naambiwa kampuni yetu haikupata faida, kwa hiyo hakuna gawio, wakati mzigo unapakiwa kila asubuhi nikiuona kwa macho yangu. Wanawake wanaofunga pakiti, wengine wako nasi tangu enzi za mama, wakiomba nyongeza, kaka ananituma mimi nikawaambie hali ni mbaya. Nimekuwa nikiwadanganya watu walionibeba mgongoni nikiwa mtoto, na sikujua kama nadanganya.

Nikaenda kwa mama Ijumaa, tukala, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kaka yako ndiye baba yenu sasa," akasema. "Usimtie aibu mbele za watu."

"Mama, jina lako kisheria si letu tena. Ni la kampuni yake."

"Sheria za huko visiwani mimi sizijui. Mimi nawajua nyinyi, nimewazaa wote."

Nikaosha vyombo nikaondoka.

Sasa watu wa mapato wametuita, mimi na kaka, kila mtu ahojiwe peke yake. Wanataka kujua kama ile kampuni ya kisiwani ina shughuli zake kweli, na nani anaiamulia mambo, maana kama inaendeshwa hapa, kodi yake inadaiwa hapa. Kaka alikuja kwangu jana, ndiyo mara ya kwanza tangu Idi. Akasema, "Wakikuuliza, sema maamuzi yote yanafanyika kule, kuna wakurugenzi wa kule."

"Kaka, maamuzi yote unayafanya wewe, pale dukani Kariakoo, ukinywa kahawa. Kule hujawahi hata kufika."

"Wewe sema hivyo tu. Hili likipita, nakuandikia nusu yako."

Nikamwambia aniandikie kwanza, ndipo tuzungumze. Akainuka. Akasema hakujua kama mdogo wake anaweza kumuuza, akatoka bila hata kumuaga mume wangu.

Nikisema kweli, faini inaweza kuiangusha kampuni, wale wanawake wakose kazi, na mama asinisamehe. Nikisema uongo, nimejitia hatiani kwa kulinda mali ya kisiwani ambayo sina hata chembe ndani yake. Mume wangu anasema niseme kweli. Kwake ni rahisi, mama si wake.

Zamu yangu ni wiki ijayo. Msinitukane, nimeshachoka vya kutosha. Nishaurini ndugu zangu: nikikaa pale nikaulizwa kampuni ile ni ya nani, nijibu nini?