Jicho la Kushoto la Sifael

Pale Kihurio, mtu aliyetaka kupigana na Sifael, mwana wa Eliezeri, alianza na miwani. Unamtandika kofi la pembeni, miwani inarukia topeni, halafu unampiga unavyotaka, maana bila miwani hakuona hata ngumi inakotoka. Alipigwa hivyo shuleni, akapigwa hivyo kwenye mafunzo ya mgambo, na kila asubuhi alirudi na miwani iliyofungwa kwa waya, akawa wa kwanza kwenye mbio. Alitaka jeshi tu. Mashamba ya mkonge yalikuwa yameuzwa, vibarua wamepunguzwa, na mpunga ulinunuliwa kwa bei aliyotaka mlanguzi. Mara ya kwanza alipokwenda kwenye usaili, walimrudisha kwa sababu ya macho kabla hajavua hata viatu.

Dada yake Asteria, aliyeolewa Nairobi, ndiye aliyempeleka kwenye hospitali moja ya huko iliyokuwa na mashine ya leza. Sifael alirudi akiiona milima ya Pare mti kwa mti. Daktari alikuwa amemweleza kwamba tabaka la juu la kioo cha jicho limekatwa, likafunuliwa, kisha likalazwa tena kama kifuniko. Pigo moja linaweza kulisogeza. Asipigwe usoni, na jeshini aseme ukweli, wamkague.

Basi akaacha kupigana. Sefu, kibarua wa zamani wa mkonge aliyekodi majaruba ya mpunga chini ya yale ya Eliezeri, alimwuliza kama Nairobi walimtoa ubabe pamoja na miwani. Sifael alicheka, akapita.

Mwaka huo mvua zilikatika. Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, na mwenye zamu alikaa kwenye lango la maji na jembe lake mpaka zamu iishe. Wiki moja kabla ya usaili wa pili, Sifael na baba yake walifika alfajiri kuanza zamu yao, wakamkuta Sefu ameshang'oa magunia ya udongo yaliyokinga maji, maji yanaelekea kwake. Mpunga wake ulikuwa umeanza kukauka, wala hakuficha nia.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Leo nayachukua."

Eliezeri alishuka mferejini kurudisha magunia. Sefu alimpiga mpini wa jembe mbavuni, mzee akakunjika na kuanguka kifudifudi majini. Sefu akamkanyaga mgongoni.

Sifael alikuwa ukingoni, mikono nyuma, kama alivyojizoeza. Aliona mapovu yakipanda kutoka kinywani mwa baba yake. Aliyaona vizuri, moja moja.

Akaruka. Ngumi ya kwanza ilimvunja Sefu pua. Walibiringika topeni, Sifael akamkaba shingo, akamzamisha, akamtoa, akamzamisha tena, maji yakawa mekundu. Sefu, akitapatapa, alifanya kile ambacho Kihurio nzima ilizoea: alirusha kofi la pembeni kung'oa miwani. Miwani haikuwepo. Kidole gumba chenye tope kilizama jichoni.

Hata hivyo Sifael hakumwachia, mpaka mzee alipoinuka akitema maji na kumshika mkono.

"Basi, mwanangu. Utaua."

Sefu aliondoka akitambaa. Maji yalirudi kwenye majaruba yao. Sifael alifunika jicho la kulia kwa kiganja, na milima yote ikageuka ukungu.

Kwenye usaili alisema ukweli. Daktari wa jeshi, mama mmoja mpole, alimulika macho yote mawili. Alisema kwa leza peke yake asingemrudisha, la kulia limeshika vizuri. La kushoto kifuniko kimekunjamana.

"Nani amekupiga?"

"Mtu aliyedhani bado navaa miwani, afande."

Alimgongea muhuri wa kukataliwa.

Zamu iliyofuata, Sifael alikaa langoni peke yake, jembe mapajani. Aliposikia nyayo upande wa kushoto aligeuza kichwa kizima, na jembe lilikuwa limeshapanda juu kabla hajajua ni nani. Baba yake alisimama palepale, amebeba birika la chai.