Mto wa Kukalia

Jirani yetu ni dereva, na ni mfupi kiasi kwamba akiingia garini usukani humficha. Kwa hiyo mkewe, Naliaka, alimshonea mto mwekundu wa kukalia. Dereva huubeba kwapani kila asubuhi, huku akiimba kwa sauti nene isiyolingana na mwili wake.

Juzi aliitwa intavyu ya kuendesha basi la shule moja karibu na Gakindu. Tangu mapambazuko alikuwa akipanga mfuko wake mlangoni. Leseni aliitia, cheti cha polisi akakitia, mto akautia, kisha akautoa.

"Wataniona mtoto," aliniambia.

"Na bila mto utaona nini?"

"Usukani."

Tulicheka mpaka Naliaka akatoka kuuliza kuna nini. Alipoelewa, aliukung'uta mto vumbi, akamkabidhi mumewe. Naye akauweka kichwani hadharani, akateremka kilima akiimba.

"Dere, unahama?" akaulizwa na wauza mboga.

"Naenda intavyu! Kiti niko nacho!"

Jioni alirudi mbio, mfuko ukimpigapiga mgongoni, akamwinua Naliaka juu kabla hajamsalimia mtu.

"Wamenichukua! Nimeendesha mpaka sokoni na kurudi, basi imetulia kama maji ya mtungi!"

"Na hawakucheka mto?" nikamuuliza.

"Nani acheke? Mwalimu mkuu alisimama kunisalimia, mimi nikadhani bado ameketi!"