Kukaza kichwa mbele ya turbo

Kwenye garaje yetu ya Katindo, kile kifuniko cha juu ya mashini tunakiita kulasi, kwa Kifaransa. Muzee wetu mupya, mutu wa Maniema, hapendi Kifaransa. Akanipigia simu: "Mama, mbele ya kuweka turbo, ukaze kichwa."

Nikawaza. Kweli, turbo inavuta hewa kwa nguvu, inaweza kumeza kitambaa changu cha kichwa. Nikakifunga barabara, ndipo nikaweka turbo. Nilifurahi: hakuna bosi aliyewahi kufikiria nywele zangu.

Tukajaribu gari pamoja na mwenye gari kwenye mupando wa Kibati, maji ya mashini yakachemuka. Muzee akapima bulo, zile skurubu za kulasi: zimelegea zote.

"Si nilikuambia ukaze kichwa?"

"Nilikaza, muzee."

"Na ufunguo gani?"

Mwenye gari akanigeukia. Nikagusa kitambaa changu.

"Na mikono tu, muzee."